Feni Saba za Profesa

Kompyuta ya Profesa ilikuwa na feni saba, taa za rangi kumi na sita, na ubavu mmoja wa kioo uliowaonyesha watu utumbo wake, waliotaka kuutazama na wasiotaka. Aliijenga mwenyewe, kwa mikono yake miwili, na kama kulikuwa na mtu mtaani ambaye hajaambiwa habari hiyo, basi mtu huyo alikuwa amehamia jana. Kasha lilikuwa la rangi ya dhahabu. Skrubu zilikuwa za dhahabu. Hata waya wa umeme unaotoka nyuma, ambao hakuna binadamu angeuona, ulizungushiwa utepe wa dhahabu, kwa sababu Profesa alipenda kazi safi, hasa kazi safi ya kuonekana.

Uprofesa alijipa mwenyewe. Mchana alikuwa mpiga picha za pasipoti kwenye studio ya pazia jeupe na kiti kimoja, na kwa miaka kumi na minne alikuwa akiwaambia watu maneno yale yale matano: kaa wima, kidevu juu, usicheke. Watu walikaa wima, wakainua kidevu, wakaacha kucheka, wakachukua picha zao na kwenda walikokuwa wanakwenda. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumwuliza mwenye kamera anaitwa nani. Jambo hilo lilimuuma kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

Jioni ndipo alipokuwa mtu. Alikaa mbele ya ile dhahabu yake, akavaa vipokea sauti, akacheza gemu za vita laivu huku akisimulia kila risasi, na watu mia mbili hivi wakamtazama. Sauti alikuwa nayo, tusimdhulumu. Alikuwa na sauti nzito inayotembea taratibu halafu inakimbia ghafla, na hata asiyejua gemu ni nini angesimama kusikiliza nani kapigwa.

Alikuwa na kundi lake pia mtandaoni, watu elfu nne waliojijengea kompyuta majumbani au waliokuwa na nia hiyo. Ungedhani ni mahali pa kusaidiana. Mwalimu wa chekechea aliuliza kwa nini mashine yake inalia ikiwashwa, Profesa akamwambia arudi kwenye chaki. Muuza maua aliuliza tofauti ya kadi mbili za picha, akaambiwa atie maji kwenye ile atakayonunua, kama alivyozoea. Kila jibu la namna hiyo lilipata vicheko mia tatu, mia nne. Watu wale elfu nne hawakukaa pale kujifunza. Walikaa kumtazama mwenzao akichomwa, wakashukuru kwamba leo si zamu yao.

Basi mwanzoni mwa wiki hiyo Profesa alipata barua. Ligi ya gemu ya kanda nzima ilikuwa inatafuta mtangazaji mkuu wa msimu, kazi kamili, yenye jina lako kwenye mabango na sauti yako kwenye kila fainali. Katibu wa ligi, mwanamke wa maneno machache, aliandika kwamba wamemsikia na wamempenda. Walibaki wawili tu, yeye na mwingine. Jumamosi, saa nane mchana, kila mmoja atatangaza mechi za majaribio kwa saa tatu mfululizo, kutoka nyumbani kwake, kwa mashine yake mwenyewe, na matangazo yasikatike. Yakikatika, hakuna kurudia, kwa sababu fainali haisubiri mtu.

Profesa aliisoma barua ile mpaka akaijua kama jina lake. Alimwona mteja wa kesho kwenye kile kiti akishtuka na kusema, wewe si yule. Hakuna kitu duniani alichowahi kukitaka hivyo, hata mkewe, ambaye alimtaka sana, hakumkosesha usingizi namna hiyo.

Jioni hiyo hiyo, akiwa laivu, dakika ya ishirini na sita, kompyuta ilizima.

Haikuaga. Taa kumi na sita zilizima pamoja, feni zikakoroma kidogo kisha zikanyamaza, na Profesa akajiona kwenye skrini nyeusi akiwa amefungua mdomo katikati ya neno. Aliiwasha tena. Ilikaa dakika kumi na moja, ikazima. Akagusa kioo, akauondoa mkono haraka. Kioo kilikuwa cha moto kama sufuria.

Si kwamba hakujua ugonjwa. Kipimo kilisema nyuzi tisini na nane, na prosesa, ule ubongo wa kompyuta, ikifika huko hujizima ili isiungue. Kwa gemu peke yake mashine ilikuwa inajikongoja kwa miezi mitano tangu ijengwe. Kwa gemu pamoja na matangazo ya ubora ule uliotakiwa na ligi, ilikuwa inapandishwa mlima na mzigo kichwani. Alichokuwa hajui ni kwa nini inapata joto wakati ina feni tano, kubwa, za bei mbaya, zote mpya.

Jumanne alibandua kipoozeo juu ya prosesa, akafuta ile dawa nyeupe ya kupitisha joto, akapaka nyingine kwa uangalifu wa mtu anayempaka bibi harusi. Ikazima dakika ya ishirini na tano. Akapaka mara ya pili, kidogo zaidi. Akapaka mara ya tatu, nyingi zaidi. Jumatano akafanya lile ambalo angelifanya mtu yeyote: akanunua feni mbili zaidi. Sasa zikawa saba. Akaziweka kama alivyoweka zile za kwanza, nyuso zao nzuri zenye taa zikitazama ndani, ili atakayechungulia kupitia kioo aone sura na si visogo vyenye vibandiko na nyaya. Tatu ubavuni, tatu juu, moja nyuma, zote zinamtazama mtazamaji. Na kwa kuwa zamani watu walilalamika kwamba kipaza sauti kinanasa mvumo, kila tundu na mwanya wa kasha ulikuwa umezibwa kwa sifongo, kazi safi, iliyokatwa kwa wembe.

Ikazima dakika ya kumi na tisa.

Mkewe, ambaye alikuwa karani wa shule na hakuwahi kujiita kitu kingine, aliingia chumbani na beseni la nguo mbichi. Alikuwa amefunga kamba kutoka dirishani hadi kwenye msumari wa ukutani, inapita karibu kabisa na ule ubavu wa feni tatu, na akaanza kutundika soksi.

Profesa alimwuliza kama ameona hapa ni wapi.

"Nimeona," mkewe alisema. "Hapa ndipo soksi zinapokauka kwa nusu saa. Tangu uongeze hizo mbili, hata dakika ishirini hazifiki. Ikipuliza namna hii Jumamosi, nitafua na mapazia."

Na kweli soksi zilikuwa zinaruka kuelekea dirishani, zimejaa upepo wa moto, kama zina miguu ndani. Profesa alizitazama na kumweleza mkewe, kwa sauti ile ya laivu, kwamba huo ndio unaoitwa mfumo wa kupooza wa kitaalamu. Mkewe akasema hewala, akaomba vibanio.

Zilibaki siku tatu. Sasa mtu mwingine yeyote angeuliza. Watu elfu nne, wenye mashine elfu nne, lazima mmoja alishawahi kuona kitu kama hicho. Lakini Profesa angeulizaje? Aandike nini, kwamba aliyemrudisha mwalimu kwenye chaki anaomba msaada wa feni? Wangemla nyama. Yeye ndiye aliyewafundisha kula.

Alhamisi asubuhi, kabla ya kufungua studio, alitengeneza akaunti mpya. Aliiita Mstaafu. Akaipa umri wa miaka sabini na mmoja, picha ya kikombe cha chai, na lugha ya unyenyekevu ambayo ilimtoka kwa shida. Mstaafu aliwasalimu wote. Mstaafu alieleza kwamba amejijengea kompyuta ya kuchezea gemu uzeeni, kwamba inapata joto na kujizima, kwamba amebadilisha dawa mara tatu, ameziba nyufa zote kuzuia kelele, na ameongeza feni mbili lakini badala ya joto kushuka limezidi kupanda. Angeshukuru kwa ushauri wowote, vijana wangu.

Profesa aliona kwamba ameandika vizuri mno. Nani angemtukana mzee wa kikombe cha chai?

Walianza baada ya dakika mbili. Wa kwanza alisema mzee anywe hiyo chai alale. Wa pili alisema kompyuta inajizima kwa sababu imechoka kumtazama. Wa tatu akauliza kama feni hizo ni za mkono. Na adimini wa kundi, mwenye jina la Kirungu, ambaye Profesa alimpa cheo kwa ajili ya ukali wake, aliandika mistari kumi na miwili kuhusu wazee na vitu vya watu. Yote ilikuwa mitindo ya Profesa, maneno ya Profesa, hata yale mapumziko aliyoyapenda kabla ya kuchoma yalikuwepo. Walimwiga vizuri. Alikaa nyuma ya kaunta anasoma, na masikio yakawa ya moto.

Katikati ya moto huo alitokea mmoja, msukuma mikokoteni sokoni kwa jina alilojipa, akaandika bila utani wowote kwamba mzee atume picha ya ndani ya kasha, huenda ni jambo dogo. Moyo wa Profesa uliruka. Halafu ukatua, kwa sababu ndani ya kasha lile kulikuwa na dhahabu, na kundi zima liliijua dhahabu ile kuliko lilivyojua sura za wajomba zao. Akaanza kufikiri amjibu kwa maneno, feni ngapi, zimekaaje.

Hakuwahi. Kirungu alishamwita. Aliandika kwa herufi kubwa kwamba kesi hii ni nzito, Profesa mwenyewe aje amhukumu mzee, na wengine sitini wakajipanga nyuma yake wakiita Profesa, Profesa, Profesa.

Wakati huo mwanamke mmoja alikuwa ameingia studio anataka picha nne za haraka. Profesa akamwambia kaa wima, kidevu juu, usicheke, kisha akarudi kwenye simu. Alikuwa na mambo mawili ya kuchagua. Angeweza kunyamaza, na watu wangesema kawa laini, siku mbili kabla ya Jumamosi, wakati Katibu wa ligi huenda naye anachungulia. Au angeweza kuwa Profesa.

Alitoka kwenye akaunti ya Mstaafu akaingia kwenye yake. Alikusudia kuandika kitu kidogo tu, cha kupita. Lakini vidole vilikuwa na mazoea, na lazima isemwe kwamba alimjua mtu huyu kuliko wote aliowahi kuwachoma. Aliandika kwamba mashine haina tatizo, tatizo lina miaka sabini na mmoja. Aliandika kwamba mtu anayeongeza feni bila kujua kwa nini ni kama anayevaa miwani miwili ili aone mara mbili. Alimshauri aiuze kompyuta leo, anunue njiwa, nao wakipata joto watahama wenyewe. Akaisoma, akabadilisha kuku kwa njiwa na njiwa kwa kuku mara mbili, akabaki na njiwa, akatuma.

Vicheko mia sita na arobaini. Hakuwahi kupata vingi hivyo. Kirungu aliandika kwamba leo Profesa hajachoma, leo ameua. Na kama ilivyokuwa kanuni ya tisa ya kundi, aliyoitunga Profesa mwenyewe siku moja akiwa amekasirishwa na mtu aliyejua zaidi yake, kwamba Profesa akishajibu mjadala umefungwa, Kirungu akaufunga. Hakuna aliyeweza kuongeza neno, hata yule wa mikokoteni.

Profesa alikaa akitabasamu kwa dakika nzima kabla hajaelewa alichofanya. Alikuwa na mlango mmoja tu wa kutokea, na ameufunga kwa mkono wake, tena kwa makofi.

Mwanamke kwenye kiti aliuliza, bila kushusha kidevu, kama anaweza kupumua.

Ijumaa Profesa alifungua akaunti ya Mstaafu mara moja, akaona kidoti chekundu chenye namba moja: mtu kamtumia ujumbe wa pembeni. Akaufunga bila kuusoma. Alijua kilichomo. Kuna watu ambao matusi ya hadharani hayawatoshi, humfuata mtu mpaka chumbani, na yeye alikuwa anawajua kwa sababu wengi wao aliwalea. Badala yake alikwenda kununua barafu.

Jumamosi saa saba na nusu chumba kilikuwa tayari. Kamba ya nguo ilishushwa baada ya mjadala mkali. Pembeni ya kompyuta kulikuwa na mabeseni mawili ya barafu, na feni kubwa ya mezani ilielekezwa moja kwa moja kwenye kioo, inapuliza kwa nguvu zake zote juu ya kitu ambacho hakiruhusu hata unyoya kupita. Mkewe alichungulia, akatazama barafu, akatazama feni, akafunga mlango polepole kama anavyofunga mtu aliyemwona mgonjwa.

Saa nane kamili akaanza. Na hapa inabidi kusema ukweli, hata kama mtu huyu anachosha: alikuwa hodari. Zilikuwa timu mbili za wachezaji ambao hakuwahi kuwasikia, na baada ya dakika tano ungedhani aliwazaa. Aliwaambia watazamaji nani anaogopa na nani anajifanya haogopi. Alinyamaza pale pa kunyamaza. Watazamaji walikuwa elfu moja na mia tisa, na wengi hawakuwa wa kundi lake, walikuwa watu tu, wamekuja wakakaa. Profesa alisahau njiwa, alisahau Kirungu, alisahau hata kujiangalia kwenye kile kidirisha cha pembeni kinachoonyesha sura yake. Kwa dakika thelathini na moja alikuwa mtu mwenye furaha.

Mchezaji wa mwisho wa timu moja alikuwa amebaki peke yake ndani ya ghala, wanne wanamvamia. Profesa akashusha sauti. Akasema, hapa sasa.

Kompyuta ikazima.

Aliiwasha. Ilichukua dakika nne kurudi, na yule mchezaji wa ghalani alishakufa au alishashinda, hakuna aliyemwambia. Ikazima tena dakika ya nane. Akamwaga barafu ya beseni moja sakafuni akihangaika kulisogeza. Ikazima mara ya tatu akiwa anaomba radhi. Basi akaingia kundini kwa simu, na kijasho kinamtiririka, akaandika kwamba umeme umekatika mtaa mzima, hujuma tupu. Mtu mmoja, ambaye kumbe alikuwa jirani wa nyumba ya tatu, alijibu kwamba pole sana, ila yeye anapiga pasi.

Katibu wa ligi alipiga simu saa kumi na moja na dakika tano. Hakumlaumu. Alisema mwenzake amemaliza saa zote tatu bila kukatika, kwa sanduku jeusi la kizamani ambalo hata mfuniko halina.

"Sauti yako ni bora kuliko yake," alisema. "Tulisema hivyo wote hapa. Lakini sauti bora hatukuisikia mpaka mwisho."

Profesa alimshukuru. Akakaa kwenye kiti chake chenye mito ya dhahabu, miguu ndani ya maji ya barafu, akitazama ukuta. Jumatatu ilikuwa inamsubiri, na pazia jeupe, na kidevu cha kwanza cha wiki. Hakuwa na wa kumlaumu aliye karibu, na hiyo ilikuwa hali ngeni kwake.

Kitu cha kwanza kilichomjia ni kumwua Mstaafu. Mtu angeweza kuanza kuunganisha mambo, mzee wa kujizima na Profesa wa kujizima, wiki moja. Akafungua ile akaunti aifute. Kile kidoti chekundu kilikuwa palepale. Akasema moyoni kwamba leo hakuna tusi linaloweza kumwongezea kitu, akaufungua ujumbe.

Ulitumwa Alhamisi saa kumi jioni, na mtu aliyejiita Bibi Barafu.

"Shikamoo mzee wangu," ulianza. "Usiwasikilize wale. Mimi ni fundi majokofu, kazi yangu ni joto na upepo. Umesema umeongeza feni na joto likapanda. Hapo ndipo ugonjwa ulipo. Feni hizi si kama ya mezani. Ya mezani inampulizia anayeitazama usoni. Hizi zinavuta kwa uso, zinatema kwa kisogo. Kata kipande cha karatasi laini, kishike upande wa nje wa kila moja. Zote zikikisukuma, mashine yako inatoa pumzi tu, haivuti, na nyufa umeziziba. Geuza zile za ubavuni, ondoa sifongo. Si kosa la ajabu, hata mafundi wanalifanya. Nijulishe ikipona. Usione haya kuuliza, nami nina miaka sitini na mitatu, bado nauliza."

Profesa alisoma mara moja, haraka, kama anayetafuta tusi. Akasoma tena. Kisha akanyanyuka, akaiwasha mashine, akachana kipande cha karatasi, akakishika penye feni ya kwanza ya ubavuni. Karatasi ikaruka kuelekea dirishani. Ya pili, ikaruka. Akapanda juu ya kiti kwa zile za juu, akainama kwa ile ya nyuma. Saba kati ya saba. Miezi mitano mashine ile ilikuwa inapumua nje tu, na yeye amekaa mbele yake anasema.

Kazi ya kugeuza feni tatu ilichukua dakika ishirini. Sifongo aliling'oa kwa vidole. Visogo sasa vilitazama kioo, vibaya, vyenye vibandiko na nyaya, na dhahabu yote ikaonekana kama harusi iliyoingiliwa na mafundi bomba. Akawasha gemu, akawasha na matangazo bila kumwalika mtu. Dakika ishirini. Arobaini. Saa nzima ikapita na jua linazama dirishani. Nyuzi sitini na mbili, haipandi, haishuki. Ingetangaza mpaka kesho kutwa.

Profesa aliona aibu. Alishawahi kuona aibu mbele za watu, na ile huisha watu wakiondoka. Hii haikuwa na mtu wa kuondoka. Mwanamke wa miaka sitini na mitatu alimwamkia, kwa heshima yote, akamwandikia jibu alilokuwa analitafuta kama maji, na jibu hilo lilimngoja siku mbili huku yeye ananunua barafu.

Akaandika, kwa jina la Mstaafu, kwamba mashine imepona, na kwamba hajui amshukuru vipi. Alijaribu kuandika marahaba kwanza, kwa kuwa aliamkiwa. Vidole vikakataa.

Jibu lilikuja baada ya muda mfupi.

"Nimefurahi sana, mzee wangu. Basi nami nina ombi. Leo nilimtazama Profesa, naye ikamzimikia. Ni ugonjwa ule ule, feni zake zote zimetazama ndani, kile kioo kinaonyesha wazi. Nilimwandikia siku ile alipoijenga laivu. Alinicheka mbele ya watu, akaniambia nikagandishe maji, akanifungia. Kundini kusoma naweza, kuandika siwezi, hata kwake pembeni. Wewe bado umo kundini, mwambie. Ila mwambie pembeni, asiaibike. Ile kazi aliitaka, ilisikika kwenye sauti yake."

Profesa alijaribu kuikumbuka siku ile. Alikumbuka watu mia tatu, taa, skrubu za dhahabu moja moja mkononi. Alikumbuka vicheko. Mwanamke mwenyewe hakumkumbuka kabisa, na alijua kwamba hakumkumbuka kwa sababu walikuwa wengi.

Feni zilikuwa zinavuma taratibu, safari hii ndani na nje. Aliandika kwamba atamwambia. Akafuta. Akaandika kwamba kijana yule anamjua vizuri, na hasikii la mtu. Hilo halikuwa uongo, akalituma.

"Jaribu tu, mzee wangu," Bibi Barafu alijibu. "Huenda hajawahi kuambiwa na mtu mzima."